Msiniambie maktaba imeungua

Kundi letu la WhatsApp la mtaa lilianza kulia kabla ya adhana ya Alfajiri. Innalillahi, innalillahi, moja chini ya nyingine, mpaka simu ikawa haina nafasi ya kitu kingine. Maalim wetu alikuwa amefariki. Kisha mtu mmoja akaandika: "Maktaba imeungua," kwa ule msemo kwamba mzee akifa ni maktaba iliyoungua. Akafuata wa pili, akafuata wa tatu. Tulipotoka maziarani baada ya Adhuhuri nilikuwa nimeyahesabu maneno hayo mara 31, nikaizima simu nikaiweka ndani ya mkoba.

Nimekaa na hasira hiyo tangu siku ile. Nilidhani itapoa baada ya hitima. Haikupoa, basi naiandika.

Maalim sitalitaja jina lake. Hakupenda kutajwa, na waliosoma kwake wanajua namsema nani. Alikuwa karani bandarini Kilindini, hapa Mombasa, mpaka alipostaafu, akarudi kukaa kwenye baraza ya nyumba ya wazazi wake Kibokoni, na baraza ile hakuiacha tena. Alasiri ikishaswaliwa utamkuta pale, kofia yake ya kushonwa kwa mkono, buli la chai ya tangawizi pembeni, daftari juu ya goti. Watoto wa mtaa aliwasomesha Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, herufi zile walizoandikia mababu zetu tenzi, barua, mahari na madeni yao kabla ya shule kutuletea a, e, i, o, u. Wavulana walikaa nje naye. Sisi wasichana tulikaa ukumbini, mlango wazi, mkewe akiwa nasi anachagua mchele au anasuka ukili, na Maalim akigeuka huku na huku kama mtu mwenye madarasa mawili. Hakuchukua senti kwa mzazi yeyote. Ukimpelekea mahamri aliyapokea, akayagawa pale pale.

Niacheni niwaeleze siku moja tu, maana nikianza zote sitamaliza.

Nilikuwa na miaka tisa. Aliniandikia ubaoni sentensi fupi: Wareno walijenga ngome. Mimi nikasoma kwa sauti kubwa: Wareno walijenga ngumi. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Maalim hakucheka. Aliinuka, akamwambia mkewe tunatoka kidogo, akatuongoza sote, tukashuka vichochoro mpaka Fort Jesus. Akaniambia niuweke mkono ukutani. Ukuta ulikuwa wa moto kwa jua la mchana, na jiwe lake la matumbawe linakwaruza kiganja. "Hii ni nini?" Nikasema, ngome. Akaushika mkono wangu akaukunja vidole. "Na hii?" Ngumi. "Basi mwanangu, herufi ni zile zile. Ghaini ina dhuma, mimu ina kasra. Karatasi haijui kama ni ngome ama ni ngumi. Anayejua ni wewe, kwa kuwa Kiswahili ni chako. Asiyekuwa nacho atasimama mlangoni siku zote."

Kwa maandishi yale ya zamani, u na o hushirikiana alama moja, dhuma, na i na e vile vile, kasra. Ile n inayotangulia g, au m inayotangulia b, mara nyingi haiandikwi kabisa, inaachiwa msomaji aitie mwenyewe. P na ch na v zilipatiwa nukta za ziada ili zitoshe midomo yetu. Watu wameyaita maandishi hayo mabovu kwa sababu hizo. Mimi nilifundishwa kuyaona kuwa ni maandishi ya watu waliokuwa wakiaminiana: mwandishi anajua kuwa msomaji wake amelelewa na mama anayesema maneno hayo hayo.

Na sauti alizikazania kuliko herufi. Alitutaka tutamke kaa wa pwani, mwenye magando, kwa pumzi inayotoka hata ukiweka kiganja mbele ya mdomo unaisikia. Kisha kaa la moto bila pumzi hiyo. Paa wa mwituni na paa la nyumba. Tembo mnyama na tembo la mnazi. Herufi za kizungu zimeziandika jozi hizo sawasawa, na leo wanetu wanazitamka sawasawa kwa sababu wamezikuta zimeandikwa hivyo. Siku nilipomsikia mwanangu akisema paa wa mwituni kwa sauti ya paa la makuti, niliumia.

Sasa turudi kwa hiyo maktaba.

Moto ni ajali. Nyumba ikiungua, watu hukimbia na ndoo, na wakishindwa husema Mungu ndivyo alivyoandika. Ukisema maktaba imeungua umejitoa lawamani, wewe ni jirani uliyefika umechelewa, pole, hukuweza kitu. Lakini Maalim hakuungua. Maalim alikaa barazani, njiani tunapopita sote kwenda sokoni na kwenda msikitini, zaidi ya miaka 20, mlango wazi na daftari juu ya goti, akimwita kila apitaye aje: "Ndoo mwanangu, ndoo ukae." Wangapi walikaa? Mimi mwenyewe nilipomaliza shule nilikwenda Nairobi kutafuta maisha, nikakaa huko miaka kumi na moja. Kila Idi nilirudi na pakiti ya tende, nikambusu mkono, nikamwambia Maalim safari hii nitakuja tukae, ana kwa ana, unieleze yale maneno ya mabaharia. Akasema karibu. Nikala pilau, nikapanda basi. Miaka kumi na moja nilifanya hivyo, na hakuna moto uliowashwa na mtu katika miaka hiyo yote.

Tena msemo wenyewe unamdhulumu, kwa sababu mtu huyu hakuacha mambo kichwani yakafa naye. Aliandika! Alipokuwa karani, jioni alikuwa akishuka Bandari ya Kale, kwa majahazi yaliyokuja na kaskazi, akakaa na manahodha na mafundi, akauliza jina la kila kipande cha chombo. Mkuku, mataruma, fashini, foromali, dasi. Nani anasokota kamba gani, kwa nini upande ule wa tanga una jina lake, kalafati inapigwa vipi. Alipostaafu akaendelea na wapishi wa arusi, na wasusi, na wakunga, na wachimbaji wa makaburi. Madaftari kumi na nne. Mwenye kuacha madaftari kumi na nne hajaungua. Ameacha kazi mezani, na kazi hiyo ni yetu.

Alikuwa na mfano mmoja aliourudia mpaka tukauchoka, na leo natamani aurudie tena. Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa Mvita, yaani Mombasa hii, alifariki mwaka 1840. Mashairi yake hayakuwa kitabu. Yalikuwa vinywani mwa watu: yaliimbwa, yalitupiwa maadui wakati wa vita vya Wamazrui, waliokuwa wakitawala Mombasa, na Seyyid Said, mtawala wa Omani, yalikuwa ya mapenzi, ya njaa, ya kejeli. Aliyeyakusanya ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa hapa hapa, aliyezunguka kwa wazee waliokuwa wakiyakumbuka na kuyaandika kwa herufi hizi hizi. Sikujua naye akafariki mwaka 1890. Alikuwa akifanya kazi na mmisionari mmoja Mwingereza, William Taylor, na karatasi zile zikasafiri na Taylor, zimehifadhiwa London mpaka leo. Diwani ikaja kuchapishwa mwaka 1940, miaka mia kamili baada ya mwenye mashairi kuzikwa. "Muyaka alikufa," Maalim akisema, "na hakuna aliyesema ameungua. Sikujua alitwaa kalamu." Kisha akatutazama mmoja mmoja, na sisi tukaangalia miguu yetu.

Ndiyo, najua mtakayoniambia. Karatasi zipo London kwa sababu waliozithamini walikuwa wageni. Nakubali, ingawa kinywa kinakuwa kizito kukubali. Miaka ile ya mwisho, waliokaa na Maalim barazani saa nzima nzima walikuwa wanafunzi wa vyuo vya Ulaya na Marekani, na rekoda zao na adabu zao na Kiswahili chao cha kujifunza ukubwani. Walikuja wakati wa jua kali, wakavua viatu, wakauliza maswali mazuri. Baadhi yao walimrudishia nakala za walichoandika. Baadhi hatukuwaona tena. Siwezi kuwalaumu kwa kuja. Walioitwa kwanza ni sisi.

Najua pia kwamba kijana wa leo ana kodi ya nyumba na hana kazi, na daftari la maneno ya majahazi halimpi unga. Hilo ni kweli, sina jibu lake. Na wako wazee walioficha vitabu vyao sandukuni mpaka mchwa wakavila, kwa kuona hakuna anayestahili. Wako. Maalim hakuwa mmoja wao.

Wiki moja kabla ya msiba nilikuwa ndani ya matatu ya Likoni. Redioni mtangazaji akasema runinga. Vijana wawili mbele yangu wakaanza kulifanyia neno hilo mzaha: eti maneno kama haya yanabuniwa na maprofesa ofisini, watu wasiowahi kuishi mtaani. Niliwagusa bega. Nikawaambia aliyelibuni ni Sheikh Ahmed Nabhany, mtoto wa Matondoni, kisiwani Lamu, aliyezaliwa mwaka 1927 na akaishi hapa Mombasa mpaka alipofariki mwaka 2017. Alichukua rununu, zile habari zinazovuma kutoka mbali, akachukua maninga, yaani macho kwa lugha ya washairi, akaviunganisha: habari za mbali unazoziona kwa macho. Kila usiku nchi nzima inaambiwa "mtazamaji wa runinga", na neno hilo limetoka kwenye mashairi ya Waamu, watu wa Lamu. Vijana wale walininyamazia, kisha mmoja akauliza, "Kumbe rununu ni neno?" Tukaongea mpaka kivukoni. Hawakuwa wabaya. Hakuna mtu aliyewaambia, basi.

Nabhany alikuwa mtu wa kutajwa sana na Maalim, kwa sababu alifanya jambo ambalo Maalim aliliona ndilo lililo sawa. Alipoona maneno ya jahazi yanapotea, alitunga shairi refu juu ya chombo cha Kiamu, kuanzia kujengwa kwake mpaka safari. Alipoona watu wanamjua mnazi kwa nazi tu, akautungia mnazi nao, kila sehemu na jina lake, kila jina na kazi yake. Maneno aliyatia ndani ya mizani na vina ili yashikike, kwa maana mtoto wa Kiswahili akilishika shairi hata umri hauliondoi. Hiyo ndiyo akili ya wazee wetu. Mwana Kupona, mshairi wa kike wa Pate, alipokuwa mgonjwa, mwaka 1858, wasia aliotaka kumwachia binti yake aliutunga utenzi, na mpaka leo wako akina mama wanaoujua kwa moyo.

Kwa hiyo ni kwa nini ninaona moto moyoni nikisikia habari za moto? Ni kwa yale niliyoyaona siku tatu za matanga.

Siku ya pili alikuja mheshimiwa. Aliomba kipaza sauti, akasema Maalim alikuwa hazina, na kwamba atahakikisha kinajengwa kituo kwa jina lake. Watu wakaitikia inshallah. Nilikuwa upande wa wanawake, nikasimama nikataka kupiga kelele, shangazi yangu akanivuta buibui nikakaa. Kituo! Maalim alikuwa na kituo. Ni ile baraza ya nje, futi sita kwa mbili, aliyokuwa akiifagia mwenyewe. Alichokosa ni watu wa kuikalia.

Siku ya tatu warithi walikutana. Sisemi neno baya juu yao, nyumba ni yao na shida zao ni za kweli. Lakini nilimkuta kijana wao ameyatia madaftari ndani ya gunia la mchele, ameliweka chini ya ngazi, mahali panapoingia maji ya mvua, akiuliza nani anataka karatasi za kufungia viazi. Hakujua. Hajui kuzisoma herufi zile, na kwake yale yalikuwa karatasi za babu zenye nukta nukta. Nikamwomba gunia, akanipa bila neno, akanisaidia hata kulibeba mpaka kwangu.

Kabla ya hapo, Maalim angali hai, nilikwisha kuandikia taasisi moja kuwaeleza juu ya madaftari hayo. Sitaitaja. Walinijibu kwa heshima kwamba wangependa kuyaona "yakishachapwa kwa herufi za kawaida". Nilimsomea Maalim jibu hilo. Akauliza, "Kawaida ya nani?" Akarudi kwenye daftari lake.

Sasa yako mezani kwangu. Daftari la nne limeshikana kurasa kwa unyevu, la tisa limeliwa pembe. Ninayapiga picha kwa simu ukurasa baada ya ukurasa, taa ya meza upande wa kushoto ili kivuli cha mkono kisiangukie maandishi. Kila nikimaliza daftari moja natuma picha kwa watu watatu walio miji mitatu, nyumba moja ikipata balaa mbili zibaki. Wenzangu wawili tuliosoma pamoja wameahidi kusaidia kuandika upya. Mmoja ameanza kweli. Mwengine nitamwendea kwake, nimkalie sebuleni mpaka aanze, na akisoma haya ajue nimesema kwa dhati.

Wiki iliyopita, usiku, nilikwama. Ni daftari la sita, kurasa za mitepe, vyombo vile vya zamani vilivyoshonwa kwa kamba bila msumari. Maalim ameandika kwamba mbao zilishonwa kwa kamba ya kitu fulani, na kitu chenyewe ni kafu yenye dhuma na be yenye kasra. Kobe? Kombe? Kumbe? Nikajaribu kila njia. Nikajiona mtoto wa miaka tisa tena, nimesimama mlangoni na ngumi yangu. Nikawaza: wa kumuuliza hayupo. Na hapo nikajikuta, mimi niliyekasirika siku zote hizi, nakaribia kuyasema maneno yale yale.

Asubuhi nikaenda Kibokoni. Mkewe yuko eda, hatoki, amevaa nyeupe, amekaa ukumbini pale pale alipokuwa akikaa tulipokuwa wadogo. Nilimbusu mkono, nikamuuliza hali, tukalia kidogo. Kisha nikamsomea sentensi, nikamweleza nilipokwama. Hakunipa hata nafasi ya kumaliza.

"Kumbi, mwanangu. Kumbi la nazi. Kamba ya makumbi, wataka kushona chombo kwa kobe?"

Nikamuuliza, Nana umejuaje? Akaniangalia kwa mshangao. Maneno yote yale ya kamba, akasema, Maalim aliyachukua kwake yeye. Manahodha walimpa majina ya kamba ikishakuwa kamba. Ilivyokuwa kabla ya hapo, hawakujua. Yeye ndiye aliyeyapiga makumbi akiwa msichana, na mamake, na mama wa mamake. Nimekaa ndani ya ukumbi ule miaka mingapi? Nilimwona anachagua mchele. Hata siku moja sikumuuliza kitu, wala kati ya wale waliokuja na rekoda sikumwona aliyeingia ndani na kumuuliza. Katika zile jumbe 31 za kundi la mtaa, hakuna hata moja iliyomtaja.

Nikamwomba anieleze. Akaikunja miguu vizuri juu ya mkeka, akaanza. Makumbi yanafukiwa pwani, mahali maji yanapokuja na kutoka, yanalaliwa na mawe yasichukuliwe, yanaachwa miezi mpaka yaoze nyama ibaki nyuzi. Ukiyafukua harufu yake haikutoki mkononi siku mbili. Kisha unayapiga kwa gongo, juu ya jiwe, unayakung'uta, unayaosha kwa maji ya bahari, unayaanika. Nyuzi za nazi changa si sawa na za nazi kavu, na mikono yake ikanionyesha tofauti hewani, vidole vikisugua kitu ambacho hakikuwapo. Kila hatua ina neno lake, na mengine nilikuwa siyajui kabisa. Nilimsimamisha kila mara ayarudie, nikasikiliza pumzi iko wapi, nikaandika kwa herufi zetu kwanza, kisha kwa zile nyingine.

Alipoinuka kuswali Alasiri nilikuwa nimejaza kurasa nne, naye alikuwa bado hajafika kwenye kusokota.